Alama Isiyobanduka: Nta, Mrututu na Mabati Yetu

Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya chama, Mpanda



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za mauzo, mikopo na maghala, tena wameeleza vema kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo niliomba ruhusa nizungumze juu ya jambo dogo ambalo limenikosesha usingizi kwa miaka kadhaa, nalo ni namna ya kutia alama katika mali ya chama ili isibishaniwe. Najua wako watakaosema, je, katika miaka kumi Katibu hakuona jambo kubwa kuliko hilo? Nawaomba mnivumilie. Jambo hili lilianza kwa kosa langu mwenyewe, na yafaa niliseme hapa mbele yenu nyote.

Mwaka wa nne wa chama chetu tulimwagiza fundi mabati atutengenezee keni 40 za kumwagilia vitalu vya tumbaku. Zilikuwa keni nzuri, za bati jeupe, zenye mdomo wa matundu madogo usioumiza mche. Tulizipaka alama ya chama kwa rangi nyekundu, tukazigawa kwa vikundi vya wakulima, kila kikundi keni sita au zaidi. Mvua ziliponyesha na miche kuhamishiwa shambani, keni zikaanza kurudi ghalani.

Mama mmoja, mjane na mkulima hodari, alikuwa kiongozi wa kikundi chake. Alileta keni sita kama alivyopewa. Mtunza ghala akazigeuzageuza, asione rangi wala alama. Mama akasema, "Hizi ndizo mlizonipa, mwanangu. Rangi yenu imebanduka." Mtunza ghala hakukubali. Keni zikawekwa pembeni kama vitu visivyo na mwenyewe, na katika daftari jina la mama likaandikwa kuwa anadaiwa keni sita. Daftari likaja mezani kwangu. Sikwenda ghalani kutazama, nilitia sahihi. Wakati wa masoko thamani ya keni sita ikakatwa katika fedha zake za tumbaku.

Mwaka uliofuata fundi yule yule aliitwa kuziba keni zilizotoboka. Alipofika kwenye pembe ile ya ghala aliokota keni moja, akapitisha kidole katika mshono wake, akacheka akasema, "Hii ni kazi ya mkono wangu." Akaitazama ya pili na ya tatu, hata ya sita. Ndugu wanachama, zile keni zilikuwa zimelala ghalani mwetu mwaka mzima, na mwenye kuzirudisha amekwisha kuzilipia. Fedha zilirudishwa kwa mama na radhi aliombwa. Lakini msimu ule hakuonekana mkutanoni, wala msimu wa pili. Tangu siku ile nilianza kufikiri habari za rangi, na kwa nini hubanduka.

Rangi hukaa juu ya bati kama vumbi likaavyo juu ya meza. Bati jeupe si chuma kitupu. Ni chuma kilichovikwa utando mwembamba wa zinki ili kisipate kutu. Utando huo ni mwembamba mno. Katika bati zuri unene wake kila upande hukaribia milimita 0.02, yaani kiasi cha theluthi moja ya unywele wa mtu; katika bati la bei nafuu hupungua hata chini ya nusu ya hapo. Zinki ni laini na huteleza, na rangi ya kawaida isiyotanguliwa na rangi ya msingi haiishiki sawasawa. Ikipata maji, tope na kusuguliwa misimu miwili, hutoka vipande vipande, na bati hubaki safi kama halikuandikwa kitu. Hapo ndipo penye hatari. Mwaminifu hana shahidi, na mwizi naye hahitaji kufanya kazi yoyote.

Basi nikajiuliza, je, ikiwa alama haikai juu ya utando, haiwezi kukaa ndani ya utando wenyewe?

Nilikumbuka siku moja nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wetu wa kemia aliyeyusha mrututu katika gilasi ya maji, maji yakawa ya buluu kama mbingu, kisha akatumbukiza msumari safi. Baada ya dakika chache alipoutoa ulikuwa mwekundu, umevikwa shaba. Alitueleza kwamba mrututu una shaba ndani yake, na kwamba chuma na zinki huwa tayari kuingia majini ili shaba ipate kutoka. Wakati ule niliona ni mazingaombwe ya darasani. Sikujua kwamba mafundi wa mapambo na wachapaji wa picha katika nchi mbalimbali hutumia maji hayo hayo, wakiyatia chumvi, kuchimba michoro katika zinki na aluminiamu, kwa kuwa hayatoi moshi mkali kama asidi kali zitoavyo.

Lakini maji ya mrututu hayajui kusoma. Ukitumbukiza bati ndani yake hula kila mahali. Ili yale mahali unapotaka wewe tu, hapana budi mahali pengine pote pafunikwe kwa kitu ambacho maji hayo hayawezi kukipenya. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote, nayo ni ya zamani. Mafundi wa silaha wa Ulaya waliijua zaidi ya miaka 500 iliyopita. Walipaka nta juu ya chuma, wakakwaruza maua na majina, wakamimina asidi. Mchoraji Rembrandt wa Uholanzi alichora picha nyingi kwa njia hiyo juu ya sahani za shaba. Na kitu walichofunikia, ndugu zangu, kilikuwa hasa nta ya nyuki, mara nyingi ikichanganywa na utomvu au lami.

Nta ya nyuki! Niliposoma hayo nilitazama nje ya dirisha nikacheka peke yangu. Nta ya magharibi mwa nchi yetu imesafirishwa nje tangu zama za Wajerumani. Ndugu zetu wa Inyonga na Mlele wanaijua kuliko mtu yeyote, na hata leo wako wakulima wanaokamua asali wakatupa masega. Tulikuwa tukinunua rangi ya dukani isiyotufaa, na kinga yenyewe iko katika mizinga yetu.

Sasa nitaeleza namna tunavyofanya. Nitaeleza taratibu, maana tumeharibu vibati vingi kabla ya kupata kimoja kizuri, na sipendi ninyi mrudie makosa yetu.

Kwanza ni kusafisha. Tunakata kibati kidogo kutoka katika mabaki ya fundi, upana wa vidole vitatu, tunakilainisha kingo zisikate mtu. Kisha tunakisugua kwa majivu laini na maji. Ili kujua kama kimetakata, kimwagie maji. Maji yakitandaa sawasawa kama kioo, kimetakata. Yakijikusanya matone matone, bado kina mafuta, na nta haitashika. Baada ya hapo kishikwe kwa kingo tu. Alama ya kidole ni mafuta, na mafuta ni adui wa nta. Jambo hili mtaliona dogo, lakini nusu ya vibati vyetu vya mwanzo viliharibiwa na vidole vyetu wenyewe.

Pili ni nta. Nta huyeyuka ikifika joto la nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, kwa hiyo haihitaji moto mkali. Iwekwe katika kopo, na kopo liwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikiwekwa juu ya moto wenyewe huweza kuwaka. Kibati nacho kipashwe joto kidogo kandokando ya makaa. Ukipaka nta ya moto juu ya bati la baridi, hukauka juu juu na baadaye hubanduka kama gamba. Bati likiwa na joto, nta hutandaa nyembamba na kushikamana. Paka mbele, paka nyuma, paka na kingo. Sisi tulisahau nyuma mara ya kwanza, tukatoa kibati chenye maandishi mazuri upande mmoja na upande wa pili umeliwa wote.

Nta ikipoa, huwa vigumu kuona unapoandika, kwa kuwa rangi yake na ya bati hazitofautiani sana. Wazee wa kazi hii walikuwa na hila ya kupitisha sahani juu ya moshi wa mshumaa. Sisi tunatumia koroboi. Pitisha upesi, bila kuyeyusha nta, hata uso uwe mweusi wa masizi. Kisha andika kwa msumari uliochongwa ncha. Kila unapopita, mstari hung'aa mweupe katikati ya weusi, nawe waona kazi yako kama ubao wa shule. Usikandamize hata kukwaruza bati. Kazi yako ni kuondoa nta tu. Kwa vibati vingi vyenye herufi kubwa tumewahi kutumia utepe wa gundi uliokatwa kwa wembe, au rangi ya kucha, na vyote vyafaa. Ila nta huandika mstari mwembamba zaidi, nami nitaeleza kwa nini wembamba ni muhimu.

Tatu ni maji yenyewe. Tunapima gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya mezani kwa lita moja ya maji. Chombo kiwe cha plastiki au kioo, wala kisiwe cha bati wala sufuria ya aluminiamu, maana kitaliwa chenyewe. Msidharau chumvi. Mabati mengi yanayouzwa siku hizi hayakuvikwa zinki peke yake, bali zinki iliyochanganywa na aluminiamu, na aluminiamu ina ngozi yake ngumu ambayo mrututu mtupu hauwezi kuivunja. Chumvi ndiyo ifunguayo mlango.

Tumbukiza kibati, keti chini, tazama. Usiende kunywa chai. Utaona ute mwekundu ukijikusanya katika mistari. Hiyo ni shaba itokayo majini. Uondoe taratibu kwa unyoya wa kuku ili maji mapya yafike. Utando ni mwembamba, kwa hiyo kazi hii ni ya dakika chache. Mwanzoni maji hula kwenda chini. Yakimaliza zinki na kugusa chuma, hayana tena pa kwenda chini kwa urahisi, basi huanza kula kando, chini ya nta, nawe huoni kitu. Chuma kikiwa wazi karibu na zinki ndani ya maji hayo, zinki huliwa upesi kuliko hapo awali. Ukichelewa, herufi iliyokuwa nyembamba kama uzi hutoka pana kama kamba, na O hujaa katikati ikawa doa. Mistari ikigeuka ya rangi ya shaba pote, toa, suuza kwa maji mengi, kisha yeyusha nta kwa maji ya moto. Nta huelea juu, ikipoa huikusanya ukaitumia tena.

Sasa habari ya wembamba. Keni zetu tatu za majaribio tuliziandika tumboni, kwa herufi kubwa za kupendeza, tukafurahi sana. Kabla msimu haujaisha herufi zilikuwa zimeota kutu, na moja ilianza kuvuja. Tulikuwa tumemvua bati nguo yake na kumwacha mvuani. Mstari mwembamba haupati madhara mengi hivyo, kwa sababu zinki iliyo kandokando yake hujitoa yenyewe kukilinda chuma kilicho wazi. Lakini pengo likiwa pana, zinki ya kando haiwezi kulifikia lote. Shaba iliyobaki katika mstari nayo huharakisha kutu ikiwa kuna maji. Kwa hiyo leo hatuandiki tena katika tumbo la keni. Tunaandika katika kibati, tunakipaka vanishi, na fundi hukiunga kwa risasi juu ya shingo ya keni, mahali pasipokaa maji.

Huenda mmoja wenu akauliza, je, mwizi hawezi kukisugua kibati hicho kwa tupa? Aweza. Lakini fikirini, ndugu zangu. Akikwangua rangi, bati hubaki zima wala halisemi neno. Akikwangua alama iliyo ndani ya utando, hana budi kuukwangua utando wenyewe, na hawezi kuurudisha. Bati litabaki na kidonda, na kidonda kitaota kutu, na kila mtu ghalani ataona kwamba hapa palikuwa na jambo. Akiking'oa kibati chote, atabaki na doa la risasi shingoni. Ule wembamba niliokuwa nikiulaumu, sasa watulinda.

Nimeona pia kwamba elimu hii haiishii katika keni. Mjini Mpanda wako vijana mafundi wa redio na umeme wa jua ambao hununua ubao uliobandikwa utando wa shaba wa milimita 0.035, wakachora njia za umeme kwa kalamu ya wino usiofutika, wakautia katika dawa ya kula shaba, na pale penye wino shaba hubaki. Njia hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1930 huko London na mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Austria, aliyetengeneza redio kwa ubao wa namna hiyo. Kijana mmoja alitufufulia kwa ubao wa mkono wake kifaa cha kuchajia betri ya taa za ghala, ambacho tulikwisha kukitupa. Nilipomwonyesha kibati changu cha nta alisema, "Katibu, kumbe kazi yetu ni moja." Naiomba Halmashauri iwakumbuke vijana hawa itakapopanga fedha za mafunzo.

Ziko tahadhari ambazo sitaziacha. Mrututu ni sumu. Usishikwe na mtoto, usiwekwe katika chupa ya soda, na anayefanya kazi avae glavu na kukinga macho. Maji yaliyokwisha kutumika yasimwagwe kisimani wala mtoni. Mto Katuma unapita kwetu na kuingia katika hifadhi ya Katavi, na shaba kidogo tu katika maji huua samaki. Sisi hutia misumari mikuukuu na vipande vya chuma ndani ya ndoo, tukaiacha siku kadhaa hata ubuluu uishe, shaba itulie chini. Ndipo tunatia chokaa na kufukia mbali na maji. Tena, mizani ya chama isiguswe kabisa. Mizani ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na mtu akionekana na nta na mrututu karibu na mizani ya wakulima, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kumshitaki.

Jambo la mwisho ni daftari. Kibati chenye namba kisichoandikwa katika daftari ni pambo tu. Napendekeza, Bwana Mwenyekiti, kwamba kabla ya vitalu vya msimu ujao kila Chama cha Msingi kiwe na daftari la mali ambamo namba ya kila kitu imeandikwa, pamoja na jina la aliyepewa, na siku ya kurudisha zitiwe sahihi tatu: ya mwanachama, ya mtunza ghala, na ya mjumbe mmoja asiye mtumishi wa chama. Na mwanachama asikatwe hata senti kwa kitu kilichopotea mpaka Katibu amekwenda ghalani kwa miguu yake. Hili la mwisho naomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, ili atakayekuja baada yangu asiweze kulikwepa.

Yule mama niliyemtaja alirudi mkutanoni mwaka jana. Nilimwendea, nikamwonyesha kibati, nikamweleza kazi yake. Alikigeuza, akakikwangua kwa ukucha, akauliza kama kikipigwa jua kitafutika. Nikamwambia hakitafutika. Akasema, "Basi nifundishe na mimi." Amekuwa akija kila Jumamosi, na mkono wake hautetemeki kama wangu.

Vibati 40 vya keni vimepangwa juu ya meza ile karibu na mlango. Namba 1 hadi namba 6 ni maandishi yake. Tafadhali mkivitazama msivishike usoni. Vile vya safu ya nyuma bado vina nta.